Duara la uchawi ni chandarua, sio ukuta (niliyojifunza baada ya kuunguzwa na jini)

Ngoja nianze na aibu yangu mwenyewe. Tulikuwa watu watano sebuleni kwa mshkaji wetu Sinza, tunacheza Dungeons & Dragons toleo la 5, ile gemu ya mezani ya kuigiza hadithi kwa kurusha dadu, vizibo vya soda ndio wahusika wetu, vimepangwa juu ya manila tuliyoichora vibox kwa rula, na mwenzetu mwingine yuko Mombasa anacheza kwa simu, tumeiegemeza kwenye chupa ya chai ili sauti itoke vizuri. Mhusika wangu, wizadi (mchawi msomi), alikuwa levo ya 8. Tulikuwa tumeiba taa ya jini mmoja wa moto na tulijua kabisa usiku ule anakuja kuidai. Nikasema hamna shida wazee, mimi nina Magic Circle, speli yangu ya uchawi wa duara la kinga, ingieni ndani ya duara langu mlale. DM (mwendesha mchezo, ndiye anayecheza maadui na kuamua sheria) akaniuliza, unajikinga na viumbe wa aina gani? Nikajibu fasta, mashetani. Akauliza tena, una uhakika? Wadau, siku DM akikuuliza una uhakika ujue shimo liko hatua moja mbele yako. Mimi nikajibu ndio nina uhakika, kwani jini ni nini kama sio shetani?

Jini akaja kweli usiku wa manane, akaivuka ile mistari inayong'aa kama mtu anavyovuka kizingiti cha chumbani kwake, akakata panga mbili, paladini wetu (askari wa dini) chini. Nikaruka, aah bana vipi, nina duara hapa! DM akageuza kitabu akanionyesha: kwenye gemu hii jini hayumo kundi la mashetani, yumo kundi la elementali, yaani viumbe wa moto, upepo, maji na udongo. Ifriti wa moto, djini wa upepo, maridi wa maji, dao wa udongo, wote wanne elementali. Mimi mtoto wa Tanga niliyelelewa na hadithi za majini kabla sijaijua katuni, nimefeli swali la jini. Na ukikaa ukafikiri, waandishi hawajakosea sana, maana hata sisi madrasa tulifundishwa jini kaumbwa kwa moto na wapo wanaoswali kutuzidi sisi, sasa nani aliniambia kila jini ni shetani?

Kilichoniuma zaidi sio hicho. Kilichoniuma ni kwamba speli inakuruhusu kuchagua aina moja au zaidi kati ya 5: wa mbinguni, elementali, fei (hawa vibwengo wa porini na ukoo wao), mashetani, na wafu wanaotembea. Ningesema tu "zote 5" bei ingekuwa ile ile na muda ule ule, na paladini angeendelea kukoroma. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ndio ningekupa hata kama una dakika moja tu ya kunisoma, ni huo, taja zote halafu ndio uanze kupunguza. Punguza ile ya mwenzako. Hapa ndio watu wanajisahau, kwa mfano farasi wa paladini anayeletwa kwa speli ya Find Steed sio farasi wa kawaida, kwa sheria za 2014 anahesabika kiumbe wa mbinguni, au fei, au shetani, kutegemea paladini alichagua nini, na bundi wangu wa kuitwa kwa speli (ndio nina bundi, bi mkubwa asijue) naye ni hivyo hivyo. Ukitaja zote bila kufikiri, bundi akitoka kwenda kupeleleza hawezi kurudi ndani. Nilimwacha nje mara moja, asubuhi tukakuta manyoya.

Halafu angalia na wale wasiokuwepo kabisa kwenye orodha. Binadamu hayumo, mnyama hayumo, joka halimo, na yale madude ya ajabu yenye macho kibao au yenye mikono ya pweza usoni hayamo pia. Mchawi mwenye akili hatumi pepo wake peke yake kwenye duara lako, anatuma pepo pamoja na vibaka wawili wenye rungu, vibaka wanapita kama hakuna kitu wanakuburuta mguu mpaka nje ambako pepo anasubiri. Hiyo nimefanyiwa na nimewafanyia wengine nilipokuwa DM, inafanya kazi kila mara.

Sasa tuelewane duara lenyewe likoje. Ni nguzo ya nguvu inayosimama juu ya ardhi, kutoka katikati hadi ukingoni futi 10, kwa hiyo upana wake futi 20, kama mita 6 hivi, na kwenda juu futi 20. Kwenye manila yetu kila kibox ni futi 5, so ni vibox 4 kwa 4 ukikata pembe. Inadumu saa 1. Inachukua dakika nzima kuifanya, na dakika moja kwenye gemu hii ni raundi 10, kwa hiyo sahau habari ya kulichora vita ikiwa imeanza. Nina jamaa alijaribu, raundi ya 3 alikuwa ameshakufa. Na kila ukilifanya linakula vifaa vya thamani ya vipande 100 vya dhahabu, maji matakatifu au unga wa fedha na chuma, havirudi. Toleo jipya la 2024 wamebadilisha ni chumvi na unga wa fedha. Nilimsimulia mama akasema kwa hiyo chumvi ndio wameijua leo.

Wengi wanalichukulia duara kama ukuta, wanajazana ndani halafu wanaanza kumtukana shetani aliye nje. Mimi naliita chandarua. Wewe umelala kwenye neti unajua vizuri mambo mawili yanayotokea. La kwanza, mbu aliyekuwa ndani wakati unashusha neti, umefungiwa naye usiku kucha. Duara linazuia kiumbe kuingia kwa hiari yake, halisemi popote kwamba linamfukuza aliyeko ndani tayari. Vishetani vidogo vile vyenye mbawa, impi, vinajua kujificha visionekane, na DM wangu alishatuwekea kimoja ndani ya duara toka mwanzo, kimekaa juu ya begi langu kinasikiliza mpango mzima. Siku hizi kabla sijaanza namwaga unga wa ngano chini, kilo moja ya bei chee, nione kama kuna nyayo. Sio sheria ya kitabuni hiyo, ni yangu, ila DM huwa anaikubali kwa sababu inachekesha.

La pili, mkono ukigusa neti mbu anakung'ata kwa nje. Kiumbe aliyezuiwa hawezi kuingia lakini anaweza kukushambulia kutoka nje, kinachotokea ni kwamba anarusha dadu mbili za pande 20 na kuchukua ile ndogo. Chukua yule ifriti wangu, ana uwezo wa kurusha moto futi 120, mara mbili kwa zamu moja, na anaongeza 7 kwenye dadu. Kama kinga yako ni 15, yaani jumla yake lazima ifike 15 ndio akupate, bila duara anakupata mara 65 kwenye 100. Ukiwa ndani ya duara sahihi inashuka mpaka kama 42. Ni nafuu kubwa sikatai, ila 42 sio sifuri, na moto wake ukikupata ni dadu 5 za pande 6. Tena hiyo nafuu inahusu mashambulizi ya kurusha dadu ya kupiga tu. Akitumia kitu ambacho wewe ndio unarusha dadu ya kujiokoa, mlipuko wa moto kwa mfano, duara halikusaidii hata chembe, na nyie mmejibana wote kwenye vibox 4 kwa 4 kama abiria wa daladala saa 12 jioni. Mlipuko mmoja mmeisha wote.

Kuna faida moja ambayo watu wa bara huwa wanairuka na sisi wa pwani tunaielewa bila kuambiwa. Aliye ndani hawezi kupumbazwa na kiumbe aliyezuiwa, hawezi kutiwa hofu naye, na hawezi kupandwa. Kwetu pepo haitwi aje asimame pale uongee naye kama mgeni, anapandishwa kichwani, kuna ngoma, kuna ubani, na yule anayepandwa anaitwa kiti. Sasa mchezaji mwenzetu kutoka Mwanza alikuwa anasoma hilo neno la kupandwa kama mapambo tu ya sentensi mpaka siku mzimu ulipoingia mwilini mwa kleriki wetu, yaani kuhani mganga wa kundi, tukaanza kupigwa na mtu wetu wenyewe, na yeye ndio mwenye dawa zote. Duara lingekuwepo ule mzimu ungezunguka nje tu.

Haya, hapo tumeongelea kujikinga. Utamu uko kwenye kuita.

Duara lina upande wa pili, unaweza kuligeuza. Ukiligeuza aliye ndani hawezi kutoka, na walio nje ndio wanapata ile kinga. Huo ndio mtego wenyewe wa kuitia viumbe. Na hapa nimeona vurugu nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote, kwa sababu mchezaji anasema "nachora duara" na anajiona yuko ndani kama kwenye sinema, DM anamwona yuko nje, wanakuja kugundua hawajaelewana pepo ameshafika. Mkanganyiko huu una asili yake. Kwenye vitabu vya uchawi vya Ulaya vya karne ya 17, vile vinavyodai elimu yake imetoka kwa Nabii Suleiman na kuorodhesha pepo 72, maumbo yalikuwa mawili tofauti. Mchawi anasimama ndani ya duara lake la futi 9, na pepo anaitwa aje kwenye pembetatu iliyochorwa nje, futi 2 kutoka kwenye duara, upana wake futi 3. Yaani kila mtu ana chumba chake. Gemu imebana kazi zote mbili kwenye speli moja, unachagua tu upande. Dawa yangu ni ya kitoto lakini inafanya kazi, nimekata duara moja la karatasi ya bluu na pembetatu moja ya karatasi nyekundu, bluu ni sisi, nyekundu ni yeye, nikiweka nyekundu mezani hakuna anayeuliza nani yuko wapi. Na kama mfuko unaruhusu weka vyote viwili, ligeuze moja kwa mgeni na moja la kawaida kwa ajili yenu, ni 200 za dhahabu na sloti mbili (sloti ni nafasi ya kufanya speli, mchawi ana chache kwa siku), rahisi kuliko kumfufua mtu.

Msichanganye hii na Teleportation Circle. Ile ni ya kusafiria, haikamati mtu.

Kuna nyingine inaitwa Summon Greater Demon, imo kwenye kitabu cha nyongeza cha 2017, hiyo ina kaduara kake ka damu. Nasema kaduara kwa sababu kanatosha mwitaji peke yake. Pepo hawezi kukavuka, hawezi kukaharibu, na hawezi kumlenga aliye ndani. Mwoloki wetu (mchawi aliyepewa nguvu kwa mkataba) akaita pepo hivyo, yeye kajikunyata kwenye kaduara kake, sisi wanne tumesimama nje tunashangilia. Mwisho wa kila zamu yule pepo anarusha dadu ya kujinasua kwenye amri, zamu ya kwanza kakosa, ya pili kakosa, ya tatu huyooo. Sasa yuko huru, mwitaji wake hamgusi, kwa hiyo anageukia nani? Mwoloki yuko kwenye neti ya mtu mmoja anatupa pole. Kama mwenzenu ana speli hii mwambieni aiitie mbali na nyinyi, katikati ya maadui, na kama kuna namna ya kulijua jina halisi la pepo mlitafute kwanza, mwitaji akilitaja pepo anarusha kwa shida zaidi. Na sisemi damu yenyewe inatoka wapi, kitabu kinataka ya binadamu au mfano wake aliyeuawa ndani ya saa 24, kleriki wetu aligoma kuongea na mwoloki sesheni mbili.

Ila kazi kubwa kabisa ya duara lililogeuzwa ni kumfunga kiumbe awe mtumishi wako, Planar Binding, speli ya levo ya 5 ambayo wizadi anaipata akifika levo ya 9. Hapa nawaomba mkae na saa mkononi. Kuifanya kunachukua saa 1 nzima, na kiumbe lazima awepo karibu muda wote huo. Magic Circle ya kawaida nayo inadumu saa 1. Umeona tatizo? Ukichora duara, ukaita, ukaanza kufunga, duara linakufa kabla hujamaliza, dakika za mwisho kabisa mtego uko wazi na mle ndani kuna mtu mwenye hasira. Kwa hiyo duara lifanye kwa sloti ya levo ya 4, linaenda saa 2, au levo ya 5 saa 3. Hiyo sio anasa, ni lazima.

Tatizo la pili lilitukuta dakika ya 59 na sitalisahau. Druwidi wetu (mchawi wa mambo ya asili) aliita elementali wa udongo kwa Conjure Elemental ya 2014, mimi nikaanza kufunga. Kwanini asiite mtu mmoja akafunga huyo huyo? Kwa sababu kuita kunashikiliwa kwa umakini, na speli yoyote ya kufanya kwa muda mrefu nayo inataka umakini wako wakati unaifanya, na umakini mtu ana mmoja. Ukiuachia, elementali hapotei, anabaki na anakuwa adui yako. Sawa, tulikuwa wawili, tumegawana. Lakini yule elementali mwenyewe muda wake ni saa 1 toka aitwe, na mimi nimeanza kufunga sekunde chache baada ya yeye kufika. Yaani kwa kufuata kitabu neno kwa neno anaondoka sekunde chache kabla sijamaliza, na kito changu cha thamani ya vipande 1,000 vya dhahabu, ambacho Planar Binding inakila, kinaenda na maji. Mabishano yale yalikula nusu ya usiku. Mwisho DM akaamua akiwepo mwanzo na mwisho wa saa ile inatosha, ila nyie muulizeni DM wenu kabla ya kununua kito, sio baada. Na kama mnatumia sheria za 2024 mjue Conjure Elemental imebadilika kabisa, haileti tena kiumbe wa kumfunga.

Njia ninayoipenda sasa ni kutokuita kabisa. Unamkuta kiumbe aliyeko duniani tayari, huyo hana saa ya kuondoka, unaandaa duara lililogeuzwa mapema mahali atakapopita, halafu unamsukumia ndani. Kumbuka lile neno hiari, linafanya kazi kwa faida yako pia. Mwoloki mwenye mwale unaosukuma anampeleka futi 10 kila ukimpata, wizadi ana mshindo wa radi, paladini ana mabega. Kuingia kwenye mtego hakuzuiwi, kutoka ndio kunazuiwa. Akitaka kutoroka kwa kujihamisha kichawi au kuruka ulimwengu mwingine lazima kwanza ashinde dadu ya kujiokoa ya haiba, na hapo msijidanganye, kina ifriti wana 7 ya kuongeza, kwa hiyo kama speli zako zinamtaka afikishe 15 anashinda mara 13 kwenye 20. Lakini kuhama ulimwengu anaweza mara moja tu kwa siku. Mchokozeni kwanza aitumie. Sisi tulimtumia barua ya matusi, si utani, ilifanya kazi.

Ukishamfunga anakutumikia saa 24 kwa sloti ya levo ya 5, siku 10 kwa ya 6, siku 30 kwa ya 7, siku 180 kwa ya 8, na mwaka mmoja na siku moja kwa ya 9. Lakini anafuata maneno yako, sio nia yako, na kama hakupendi atayapinda maneno kadiri anavyoweza. Kwa Kiingereza labda ni rahisi kujilinda, kwa Kiswahili mzee wangu tuna mitego ambayo hata wakili haoni. Yule wa udongo nilimwambia, "mwangalie huyu mfungwa mpaka asubuhi". Asubuhi mfungwa hayupo, dirisha liko wazi. Namuuliza, si nilikwambia umwangalie? Ananijibu, nimemwangalia, amefungua dirisha nikamwangalia, ametoka nikamwangalia, amekimbia nikamwangalia mpaka akapotea. DM alikuwa analia kwa kicheko. Siku nyingine kleriki akamwambia "usiruhusu mtu yeyote aingie", majambazi wa goblini wakaingia 11, kwani goblini ni mtu? Toka siku hiyo amri zetu tunaziandika kwenye karatasi, kila mmoja anapinga neno moja moja kama bunge, ndio inasomwa.

Niongee kidogo na ma-DM. Duara kwenye toleo la 5 ni salama mno kwa ladha yangu, mistari inang'aa tu, hakuna wa kuifuta kwa kiatu. Mimi huwa narudisha sheria ya toleo la 3 la mwaka 2000, ambayo gemu ndugu yake, Pathfinder ya 2009, waliirithi pia. Kule ukitaka mtego imara unachora mchoro kwa mkono, dakika 10, na lazima ufikishe 20 kwenye dadu na ujuzi wako, na huambiwi kama umepatia. Ukitaka uhakika unakaa saa 3 na dakika 20 bila haraka. Na ukikamilika unamfunga pepo kweli kweli, ila chochote kikiuvuruga, hata unyasi mmoja ukilala juu ya mstari, anatoka. Yeye mwenyewe haruhusiwi kuuvuruga wala kumtuma mtu, na hilo niliheshimu. Wachezaji wangu walimfungia pepo ghala la chini, wakapanda juu, na mmoja wao mwenyewe, kwa mdomo wake, akamwambia mtoto wa kazi "safisha nyumba yote wageni wanakuja". Sikusema kitu. Nikawauliza tu, mnatumia ufagio gani humu? Wakajibu wa chelewa. Mnaujua ufagio wa chelewa ukizeeka unavyoacha vijiti. Nilikaa kimya labda sekunde 10 ndio yule dada anayecheza mchawi akashika kichwa, mama yangu, kijiti.

Na pepo akiwa kwenye mtego muache aongee. Duara halimzibi mdomo, na sesheni nzuri kuliko zote niliyowahi kuendesha ilikuwa saa mbili za watu wanne kubishana na shetani aliyekaa chini kakunja miguu, hakuna dadu hata moja iliyorushwa.

La mwisho sio la gemu ila limeshatuponza. Usichore kwa chaki kwenye sakafu ya nyumba ya kupanga. Umeme ulikatika, tukawasha mishumaa, manila imelowa soda kwa hiyo tukachora uwanja mzima kwenye sementi, duara zuri kabisa la futi 20 kwa kipimo chetu, na jamaa wa Mombasa kwenye spika anasoma kwa sauti nzito "ewe ifriti njoo ndani ya duara hili". Mama mwenye nyumba kasimama mlangoni na sahani ya maandazi. Tukajibanza, shikamoo mama. Hakuitikia. Akasema, "Wanangu, mimi nyumba hii nimeijenga kwa mkopo, kama mna shida ya hela semeni." Ilibidi mshkaji amuonyeshe vizibo, dadu, kitabu chenye picha za katuni, amuelezee kwamba ni kama draft tu ila ndefu. Alielewa, au alituonea huruma, maandazi aliyaacha. Siku hizi anapita kuuliza nani kafa. Ila chaki hairuhusiwi, na kabla hatujaanza tunamuarifu leo tunacheza ile draft yetu.

Kama hamna vitabu, sheria za msingi za toleo la 5 zenye Magic Circle na Planar Binding zipo bure na halali toka zilipowekwa kwenye leseni ya Creative Commons mwaka 2023, tafuteni SRD 5.1, faili ni la PDF, pakueni kwenye simu yaishe.

Sisi Jumamosi hii tunamfuata yule yule ifriti wa taa. Paladini ameomba awe wa kwanza kumsukuma. Nina unga wa fedha wa mara mbili, sloti ya 4 nimeiweka pembeni siigusi, karatasi nyekundu ipo, nimeandika kwa kalamu "elementali" juu yake kwa herufi kubwa ili nisije nikaulizwa kama nina uhakika. Kilichobaki ni amri yenyewe. Tumefika rasimu ya 4, "linda ngome hii mpaka turudi", na jamaa wa Mombasa anakataa katakata, anasema ondoeni hilo neno mpaka, DM atatuambia jini amelinda mpaka na ngome kaiacha.